Bando rahisi, kazi haifiki: Somo la meli ya watalii kwa mkulima wa Mbulumbulu

MAVUNO ya maharage yakishaingia stoo, mkulima wa Mbulumbulu hubakiwa na kazi moja ambayo si ndogo, nayo ni kumpata mnunuzi na kuelewana naye bei kabla gari halijapanda mlima. Siku hizi mnunuzi aliyeko Arusha au Namanga haridhiki na maelezo ya mdomo. Anataka atumiwe picha ya maharage yakiwa kiganjani, aone rangi na ukubwa wa punje, kisha picha ya magunia, ndipo ataje bei.

Hapo mkulima hununua bando la Sh1,000, akapiga picha tano na kuzituma. Dakika kumi zinapita, nusu saa inapita, hata picha ya kwanza haijaenda. Anatoka nyumbani, anapanda kilimani mahali ambapo kila mtu kijijini anajua kwamba mtandao hushika, na huko nako anawakuta wenzake wanane wakihangaika na simu zao. Picha zinafika jioni. Kwa bahati mbaya, mnunuzi ameshajaza gari lake kwingine.

Je, mkulima huyo alilipa shilingi ngapi kwa intaneti siku ile? Jibu la haraka ni Sh1,000. Jibu la kweli ni kubwa zaidi, na ili kulielewa vizuri inasaidia kuwatazama watu walio mbali kabisa na shamba la maharage, yaani abiria wa meli za kitalii. Hao ni watu wenye fedha, lakini kwa miaka mingi walilipia intaneti kwa bei ya kutisha na kupata huduma duni. Sababu zilizowafikisha hapo ndizo zinazomkabili mtu anayeishi mbali na mnara.

Meli haina mnara

Meli kubwa ya kitalii hubeba maelfu ya abiria, ina mahoteli na maduka ndani yake, lakini ikishaiacha pwani, mawimbi ya minara ya nchi kavu huiacha nayo. Waliowahi kupanda boti kati ya Dar es Salaam na Unguja wameionja kidogo hali hiyo, pale simu inapopoteza mtandao njiani na kuupata tena boti inapokaribia upande wa pili.

Njia inayobaki kwa meli iliyo mbali na nchi kavu ni setilaiti. Setilaiti za aina ya zamani hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, hivyo kwa mtu aliye chini huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Ujumbe ukipanda hadi huko na kushuka hadi kituo cha nchi kavu umesafiri zaidi ya kilomita 71,000, safari inayochukua kama robo sekunde. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyo hiyo, na hivyo kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde.

Nusu sekunde inaonekana ni kitu kidogo. Hata hivyo, kufungua ukurasa mmoja wa intaneti huhitaji maombi mengi ya kwenda na kurudi, na kila ombi huongeza nusu sekunde yake. Isitoshe, meli nzima iligawana njia moja nyembamba. Abiria mia mbili wakifungua barua pepe kwa wakati mmoja, hali ilikuwa kama bomba moja la maji linalogombewa na kijiji kizima.

Katika miaka ya 2000, bei ya senti 75 za dola kwa dakika moja ilikuwa ya kawaida katika meli hizo. Saa moja ilikuwa dola 45. Aliyenunua dakika nyingi kwa mkupuo alipunguziwa, lakini asipozitumia zote kabla safari haijaisha, zilizobaki zilipotea.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Abiria alilipia dakika, kwa hiyo ukurasa uliochukua dakika mbili kufunguka ulimgharimu dola moja na nusu kabla hajasoma hata neno moja. Ubovu wa huduma uliongeza bei. Mtandao ulivyozidi kuwa mzito, ndivyo muuzaji alivyozidi kukusanya na mnunuzi alivyozidi kupungukiwa.

Sote tulikuwa katika meli hiyo

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya bahari za mbali. Hadi mwaka 2009, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa kama meli kwa upande wa intaneti. Hazikuwa na mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari wa kuziunganisha na dunia, hivyo mawasiliano ya intaneti ya kimataifa yalitegemea setilaiti. Hoteli za watalii, benki na vibanda vya intaneti vilitumia madishi makubwa yaliyoelekezwa angani. Njia yenye uwezo wa megabiti moja tu kwa sekunde iliweza kugharimu maelfu ya dola kwa mwezi, na mteja wa kibanda cha intaneti alilipishwa kwa nusu saa au saa, mtandao uende usiende.

Mambo yalibadilika Julai 23, 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa rasmi na kuiunganisha Dar es Salaam na Ulaya na Asia kwa njia ya bahari. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Katika kipindi hicho hicho, kuanzia mwaka 2009, serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili uwezo ule uliofika pwani usiishie pwani. Bei ya jumla ya intaneti ikaporomoka, na vifurushi tunavyovijua leo vikawezekana.

Faida ya kuwa na njia zaidi ya moja ilionekana wazi Mei 12, 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini kwa wakati mmoja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, na kwa siku kadhaa wafanyabiashara walihangaika hadi mawasiliano yalipoelekezwa kwenye njia nyingine.

Meli nazo zilipata nafuu njia mpya zilipopatikana. Kuanzia mwaka 2014 baadhi yake zilianza kutumia setilaiti za O3b zilizoko umbali wa kilomita zipatazo 8,000, na Agosti 2022 kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza kuweka Starlink katika meli zake. Setilaiti za Starlink huzunguka chini zaidi, kwenye kilomita 550 hivi, kwa hiyo ujumbe hauna safari ndefu. Abiria leo anaweza kuongea na nyumbani kwa video, jambo ambalo zamani lilikuwa ndoto.

Lakini je, bei imeshuka kwa kiwango kile kile? La. Kampuni nyingi zimeacha kuuza kwa dakika na sasa zinauza kwa siku, na si ajabu kukuta bei ya dola 20 hadi 30 kwa siku kwa kifaa kimoja. Sababu haihitaji shahada ya uchumi. Ndani ya meli muuzaji ni mmoja, na abiria hawezi kushuka katikati ya bahari akatafute duka la jirani.

Kijiji cha juu ya ukingo

Mbulumbulu iko wilayani Karatu, mkoani Arusha, imebanwa kati ya msitu wa Ngorongoro na ukingo wa Bonde la Ufa. Vijiji kama Upper Kitete, Lositete na Kambi ya Simba ni vya wakulima wa ngano, shayiri, mahindi, maharage na mbaazi. Barabara ya lami ya kwenda Ngorongoro inapita mbali kidogo, ikiwa na magari ya watalii mchana kutwa.

Katika nchi ya milima na mabonde kama hiyo, mawimbi ya simu hayafuati ramani ya utawala. Nyumba iliyo kilimani inaweza kuuona mnara ulioko mbali, wakati nyumba iliyo bondeni, hatua mia tano tu kutoka hapo, haioni kitu. Mtandao wa kampuni moja hushika sehemu hii, wa nyingine sehemu ile. Aliye mahali ambapo mtandao mmoja tu ndio unaoshika hana tofauti na abiria wa meli: bei ya kampuni nyingine hata ikiwa nusu haimsaidii, kwa sababu dukani kwake hakuna bidhaa hiyo.

Ndiyo maana kulinganisha bei za mabando peke yake ni kosa. Tangazo huonyesha bei na idadi ya MB. Halionyeshi kama MB hizo zitatembea utakapozihitaji.

Ubora una mizani yake

Mkulima hanunui mbegu kwa kuangalia uzito wa mfuko tu. Huuliza zinaota kwa kiwango gani. Intaneti nayo ina vipimo vyake, na vya muhimu ni vitatu.

Cha kwanza ni kasi. Hapa kuna mtego wa vipimo unaowachanganya wengi. Bando huuzwa kwa megabaiti, lakini kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, na megabaiti moja ina megabiti nane. Kwa hiyo kasi ya megabiti moja kwa sekunde huhitaji sekunde nane kupitisha megabaiti moja. Ni kama mtu anayekutajia bei kwa kilo huku akikupimia kwa kibaba.

Cha pili ni ucheleweshaji, yaani muda ambao ombi linatumia kwenda na jibu kurudi. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa, hata kasi ikiwa nzuri, mazungumzo hupishana na mifumo ya malipo hukata kabla haijamaliza kazi.

Cha tatu ni uthabiti. Mtandao unaokuja na kukatika hula MB bila faida, kwa kuwa faili lililokatika katikati mara nyingi huanza upya. Aliyetuma picha mara tatu ndipo ikafika amelipia picha tatu.

Mnara nao una mipaka yake. Uwezo wake hugawanywa kwa watu wote walio chini yake, hivyo saa za jioni, au siku ya mnada, kila mmoja hupata kidogo. Minara mingi ya vijijini hupeleka mawasiliano mbele kwa mawimbi ya redio kutoka mnara hadi mnara, na njia hiyo ikiwa nyembamba, simu inaweza kuonyesha 4G na vistari vyote vimejaa, lakini kitu hakiendi. Vistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara tu, havisemi lolote juu ya msongamano wala juu ya safari iliyo mbele ya mnara.

Hesabu ya daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano ambao msomaji anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme mtandao wa kwanza unauza MB 600 za siku moja kwa Sh1,000, na mtandao wa pili unauza MB 400 kwa bei hiyo hiyo. Kwa hesabu ya tangazo, wa kwanza ni Sh1.67 kwa MB na wa pili ni Sh2.50. Wengi watachagua wa kwanza.

Lakini tuseme wa kwanza haushiki nyumbani, na mkulima analazimika kupanda bodaboda kwa Sh4,000 kwenda na kurudi hadi mahali unaposhika. Kazi moja sasa imegharimu Sh5,000, mbali na nusu siku ya shamba. Na kama alitumia MB 150 tu kabla saa 24 hazijaisha, na zilizobaki zikafa, bei yake halisi ya bando peke yake ni zaidi ya Sh6.60 kwa kila MB aliyoitumia. Mtandao wa pili, uliofanya kazi akiwa stoo kwake, ulikuwa wa bei nafuu tangu mwanzo.

Sasa weka mezani kile kinachouzwa. Magunia 20 ya kilo 100 ni kilo 2,000. Tofauti ya Sh50 kwa kilo kati ya mnunuzi wa leo na wa kesho ni Sh100,000. Fedha hizo zingenunua bando la Sh1,000 mara mia moja. Kwa siku ya kuuza mazao, basi, kinachotafutwa ni bando litakalofikisha picha saa ile ile. Kwa siku za kawaida, mkulima huyo huyo hana sababu ya kutoa hata Sh1,000 kwa ajili ya vichekesho vya video.

Kipimo kizuri, kwa hiyo, ni gharama ya kazi iliyokamilika. Kwa mwezi mmoja, andika katika daftari umetumia shilingi ngapi kwa bando na nauli ya kufuata mtandao, na ni kazi ngapi za maana zimekamilika: bei iliyoulizwa na kujibiwa, picha iliyofika, fomu iliyopokelewa, fedha iliyoingia. Gawanya. Wengi watashangaa.

Mshtuko wa mbaazi

Kuna wanaosema mkulima wa milimani anaweza kuishi bila haya yote, kwani baba zake waliuza ngano bila simu. Soko la leo halimsubiri. Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoruhusiwa kuingia nchini humo. India ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, na bei kwa wakulima wetu ikaanguka vibaya. Uamuzi ulitangazwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, ukaamua thamani ya gunia lililoko kijijini.

Tangu hapo shughuli nyingi za kilimo zimeingia katika mifumo ya kompyuta. Kuanzia msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku imetolewa kwa wakulima waliosajiliwa katika mfumo wa kidijitali, na wakala huhitaji mtandao kukamilisha mauzo. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendesha minada ya mazao kwa njia ya mtandao, na katika mikoa kadhaa mbaazi, ufuta na dengu vimeuzwa kwa utaratibu huo. Mtandao ukisumbua siku ya mbolea, mvua haingojei.

Si kila kazi inahitaji bando

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kutotumia intaneti mahali isipohitajika. Ujumbe mfupi wa simu na huduma za kubonyeza nyota na namba, ikiwa ni pamoja na kutuma na kupokea fedha, hazitumii bando. Hupita katika njia nyembamba ya mtandao wa kawaida wa simu, hivyo mara nyingi hufanya kazi hata mahali ambapo picha haiendi. Kuanzia mwaka 2005, mradi wa First Mile uliosaidiwa na IFAD ulivisaidia vikundi vya wakulima katika baadhi ya wilaya za Tanzania kuwa na watu wao wa kuchunguza bei sokoni, waliopewa jina la utani la mashushushu, wakirudisha taarifa kwa simu. Simu za wakati ule hazikuwa na picha nzuri, lakini bei ilifika.

Pale intaneti inapohitajika, ni vizuri kujua uzito wa kila mzigo. Ujumbe wa maandishi ni mwepesi mno. Picha iliyopunguzwa na programu ya ujumbe huwa sehemu tu ya megabaiti moja, lakini ikitumwa katika ubora wake wote inaweza kufika megabaiti kadhaa. Mazungumzo ya sauti kwa intaneti hula chini ya megabaiti moja kwa dakika, na ya video hula mara nyingi zaidi. Saa moja ya kutazama video za kawaida inaweza kumaliza nusu GB au zaidi.

Mwizi mkubwa kuliko wote hupita kimyakimya. Ni programu zinazojisasisha zenyewe, na picha na video za makundi zinazojipakua bila kuulizwa. Abiria wa meli waliibiwa kwa namna ya pekee: waliosahau kuzima data walijikuta simu zimejiunga zenyewe na mtandao wa ndani ya meli, na bili ikawasubiri nyumbani. Mkulima aingie katika mipangilio ya simu yake, azuie upakuaji wa kujiendesha, na kuzima data anapomaliza kazi.

Dishi dogo la angani

Wapo wanaouliza kama setilaiti za chini zilizookoa meli haziwezi kukiokoa kijiji. Majirani zetu wa Kenya walianza kuhudumiwa na Starlink Julai 2023, na ushindani ulionekana haraka. Mwaka 2024 kulikuwa na kifurushi cha GB 50 kwa Shilingi 1,300 za Kenya kwa mwezi, mbali na gharama ya kununua dishi.

Lakini Kenya imetufundisha pia kwamba anga nalo hujaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha wateja wapya wa Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umekwisha, na milango ikafunguliwa tena katikati ya mwaka 2025. Setilaiti inapopita juu ya mji wenye watu wengi hugawana uwezo wake kama ule wa meli. Ni maeneo yenye watu wachache, na yaliyo mbali na minara, ndiyo yanayonufaika zaidi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka mtoa huduma awe na leseni na vifaa viwe vimeidhinishwa. Kabla mtu hajatoa fedha zake kwa muuzaji wa dishi aliyekutana naye mnadani, aulize kwanza ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Dishi lisilo na leseni ni sawa na mbegu isiyo na lakiri: likigoma, hakuna wa kumlalamikia.

Trekta moja, mashamba mengi

Kuna jambo ambalo Mbulumbulu ililijua mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Upper Kitete ilianzishwa kama mradi wa makazi ya wakulima waliolima ngano kwa pamoja, kwa kuwa trekta lilikuwa ghali kwa mtu mmoja. Mradi ulikuwa na mafanikio yake na matatizo yake, lakini hoja ya trekta haijazeeka.

Intaneti nzuri nayo inaweza kununuliwa kwa njia hiyo. Kikundi cha wakulima 20, au chama cha kuweka na kukopa, kinaweza kuweka kifaa kimoja cha intaneti mahali ambapo mawimbi ni mazuri, kikakilipia kwa mwezi na kukitumia kwa kazi za kikundi: kuuliza bei, kutuma picha za mazao, kujaza fomu, kupakua taarifa za hali ya hewa. Kiasi cha Sh60,000 kwa mwezi, kwa mfano, ni Sh3,000 kwa kila mwanachama. Sharti ni kuwa na daftari na utaratibu, la sivyo vijana watakimaliza kwa video wiki ya kwanza, na siku ya kuuza kikundi kikose.

Mteja ana haki zake

Abiria wa meli akikasirika hana pa kwenda. Mkulima wa Mbulumbulu anapo. Huduma mbovu inapaswa kulalamikiwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na asiporidhika mteja anaweza kufika TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya wateja. Sauti ya wateja husikika: Aprili 2021 mabadiliko ya vifurushi yalipozua kilio cha bei nchi nzima, utekelezaji wake ulisitishwa.

Kuhusu minara, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Kazi yake ni kutoa ruzuku ili kampuni zijenge mahali ambapo biashara peke yake isingezishawishi kujenga. Mei 2023 ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kijiji chenye shida kipeleke maombi kupitia serikali ya kijiji na halmashauri, na kisipeleke malalamiko matupu.

Hapa daftari linarudi tena. Watu kumi katika vitongoji tofauti waandike kwa wiki mbili: tarehe, saa, mahali, mtandao gani, simu ilionyesha nini, kazi gani ilishindikana na ikachukua dakika ngapi. Laini za mitandao mbalimbali zijaribiwe mahali pale pale na saa ile ile, asubuhi na jioni. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili. Inamwonyesha kila mkulima laini ya kununua kwa ajili ya kitongoji chake, na inaipa serikali ya kijiji ushahidi usiobishika kwamba bonde fulani halina huduma.

Meli zilisubiri miaka mingi hadi njia ya pili ilipopatikana angani. Mkulima hana haja ya kusubiri hivyo ili aanze. Kabla mavuno yajayo hayajaingia stoo, aazime laini ya jirani, asimame pale pale penye magunia yake, atume picha moja, na kutazama saa. Itakayofika kwanza ndiyo laini ya kuwekea fedha.